Kidole cha Saumu

Hashimu Mapande alikuja kwenye arobaini ya Saumu, akakaa kwenye mkeka wa wanaume, akala pilau, akaomba na pilipili. Niliyaona yote kupitia mlango wa uani, kule Mwananyamala kwa Mwajuma, binti wa marehemu, nikiwa nimeshika upawa. Kanzu nyeupe pee, kofia ya mkono, mvi zimemkaa vizuri kama mtu aliyeishi maisha ya kheri. Alipomaliza akapita kutupa pole wanawake, akanifikia mie, akatabasamu. "Zuhura! Bado unashika kamera?" Nikamwambia shikamoo, maana mdomo wangu umezoea heshima kuliko moyo. Akasema marahaba, akatoka, akaingia kwenye gari lake. Nikarudi jikoni nikakosa la kufanya na mikono. Miaka yote hii watu wananiambia, Zuhura, yaliyopita si ndwele. Nani kasema si ndwele? Saumu kafa nayo. Kwa hiyo nauandika mwaka ule kwa Kiswahili changu cha darasa la saba, na waliofanya nawataja. Hashimu Mapande, mwenye bendi ya Shani ya Pwani. Salha Mwinyimvua, mwimbaji wake. Na Ima, aliyekata picha, ingawa kwake yeye mkono wangu unakuwa mzito kidogo.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Temeke, kwa Bi Asha. Nyumba ya korido, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko la mkaa, mitungi, na kamba za nguo zilizopishana mpaka ukipita lazima uiname. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na uani, ndiyo maana nilisikiaga kila kitu. Siku za Ijumaa Saumu alikuwa anakuja kutoka Mtoni na mtoto wake Mwajuma mgongoni. Saumu alikuwa mke mdogo wa Shomari, mfanyabiashara wa nazi, na Bi Asha ndiye mke mkubwa. Wakapika pamoja, wali wa nazi na mchuzi wa changu, na mie nikiwa nimelala nawasikiliza kama redio. "Mwenzangu, humu umetia chumvi au umetia bahari?" anauliza Bi Asha. "Nimetia mapenzi, dada." "Basi mapenzi yako yatatupandisha presha." Wanacheka. Mtoto analia, Bi Asha anamchukua, mpaka jioni hamshushi. Mimba zilimshikaga Bi Asha, lakini hazikukaa, hata moja. Neno hilo uani halikutajwa hata kwa utani, na mtu akilikaribia, Saumu ndiye alikuwa wa kwanza kugeuza mazungumzo. Sasa hivi nikikumbuka naona kitu ambacho sikukiona wakati ule: mtaa haukuipenda amani ile. Uke wenza usio na kelele uliwanyima watu haki yao. Walikuwa wanalitazama lile sufuria, wanasubiri lipasuke.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za video za wanawake. Fundi mmoja wa Tandika niliyemfagilia duka alikuwa hawezi kuingia kwenye singo za mabibi harusi wala kwenye ngoma za ndani, kwa hiyo siku moja akanipa kamera, akanionesha kitufe cha kuwasha na cha kuzima, yeye akakaa barazani na wazee anakunywa kahawa. Kumbe mie nina jicho. Wanawake wakijua aliyeko nyuma ya kioo ni mwenzao, wanajiachia, wanacheka na meno yote, na ukiwangoja wanakupa kitu ambacho mwanamume na kamera hatakiona maisha yake. Habari zikamfikia Hashimu. Akaja mpaka kwa Bi Asha, akakaa kwenye kigoda, akapewa chai. "Nataka video ya laivu," akasema. "Siyo zile za kuimba bustanini na maua ya plastiki. Nataka ukumbi unawaka. Sasa wanawake wa Temeke wakiona dume na kamera wanavuta mitandio. Wewe watakuchekea." Bi Asha akamuuliza, "Na wakishamchekea, picha zinakwenda wapi?" Hashimu akasema, "Dukani, mama. Watu wazione." Bi Asha akanitazama mie, akaenda kuchochea mkaa.

Tulipiga Idi, alasiri, kwenye ukumbi wa bati pale Temeke. Joto la kufa mtu. Udi, manukato ya chupa, madera ya rangi zote, watoto wa watu wamelala juu ya viti. Kamera zilikuwa tatu: moja mbele kwa Salha, moja kwa wapiga vyombo, ya tatu yangu, nikae chini ya jukwaa nishike watunzaji. Na hapa nieleze kidogo, maana siku hizi watu wanatunza ovyo kama wanalisha kuku. Taarabu yetu mtu hainuki tu. Unaukalia wimbo mpaka ufike mstari wako. Ukifika unainuka, noti juu, unakwenda kwa maringo, na ukumbi mzima unajua: mstari huo ni wa huyo, na ana mtu wake anayemtumia. Ukiinuka kwenye mstari wa mapenzi umemsifu mtu. Ukiinuka kwenye mpasho umempasua mtu. Tofauti ya kuinuka sasa hivi na kuinuka baada ya pumzi mbili inaweza kukutoa kwenye ndoa. Kila mtoto wa Temeke anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Saumu alikuja kwa sababu mie nilimwita. Alivaa dera la kijani, na hina bado mbichi. Bi Asha alibaki nyumbani na Mwajuma, miguu ilikuwa inamvimba. "Nendeni nyie wenye magoti," alisema. Salha akaimba wimbo mmoja wa taratibu, wanauita Kivuli, na ulipofika mstari wa "nimepewa kivuli, jua lanipita mbali," nikaona kijani kinainuka kule nyuma. Nikaacha wengine wote nikamfuata. Alikuja polepole, shingo imenyooka, machozi kidogo na kicheko juu yake. Akamtunza Salha. Kisha akageuka, akaniona, akanyoosha kidole moja kwa moja ndani ya kioo, akapaza sauti juu ya muziki: "Zuhura, mpelekee dada! Mwambie huu wake!" Nimepiga picha mabibi harusi wangapi, sijawahi kupata picha kama ile. Kivuli chake kilikuwa Bi Asha. Alikuwa anamshukuru mke mwenzie mbele ya Temeke nzima. Wapo wanaoniambia kosa langu ni kumfuata yule peke yake. Sikubali. Nilifanya kazi yangu, na niliifanya vizuri.

Kanda akazichukua Hashimu, zikapelekwa Kinondoni kwa Ima. Ima alikuwa kijana wa kutoka Mbeya, mlokole, mpole mpaka unamwonea huruma, anakata picha kwenye chumba kimoja nyuma ya saluni, dirisha limezibwa kwa blanketi, feni inageuza joto lile lile. Sauti ya kamera zetu hakuitumia, aliitupa, akaweka ile safi iliyotoka kwenye mitambo ya jukwaani. Ndivyo wanavyofanya wote. Mie nilikwenda kufuata begi langu, nikamkuta anakula chipsi mayai huku anachezesha wimbo mwingine kabisa. Wimbo wa mpasho. Wanauita Kapu. Salha anatoa macho anaimba, "Kapu halina kitako, wewe wabebea nini?" Na kwenye neno "wewe," kwenye kioo, akatokea Saumu na dera lake la kijani, anacheka, ananyoosha kidole kwa anayetazama.

Nilisogea kwenye kioo. "Ima, rudisha." Akarudisha. Saumu akanyoosha kidole tena. "Umeona ilivyokaa?" akasema, amefurahi. "Hapa nilikuwa na shimo, sista Zu. Kuna jamaa mnene kasimama mbele ya kamera ya kwanza, naona mgongo tu. Nikatafuta wa kuziba. Huyu mama kapendeza, na kidole kimeangukia kwenye biti kabisa."

"Huyo alisimama kwenye Kivuli."

"Sasa si ukumbi ule ule? Mwimbaji gauni lile lile, nani atajua?"

"Ima, huyo ana mke mwenzie."

"Kwa hiyo?"

"Mke mwenzie hana mtoto. Hajabahatika hata mmoja."

Akaacha kutafuna. Akaitazama ile picha iliyosimama, kidole na kicheko, na nikaona inamwingia taratibu, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni. Kwao kanisani mtu akiinuka kwaya ikiimba ni furaha tu, hakuna aliyesutwa. "Yesu wangu," akasema. "Naitoa. Nipe dakika tano, naweka hata feni la ukumbi." Akafuta mikono kwenye suruali, akashika kipanya. Laiti dakika zile tano tungezipata.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Hashimu na Salha nyuma yake, wamebeba mishikaki kwenye gazeti, chumba kizima kikanuka nyama. "Vipi, mbona mmekaa kimsiba?" Ima akaeleza, kwa adabu, braza Hashi hivi na hivi. Hashimu akasema iwashwe aone. Ikawashwa. Akatazama mara moja, mshikaki umesimama karibu na mdomo, na mie nilimtazama yeye, sikutazama kioo. Niliona anavyoelewa. Huyu si Ima. Huyu kazaliwa Temeke, kanywa chai kwa Bi Asha. Uso ukafunguka polepole kama wa mtu aliyeokota kitu njiani, akageuka kuona kama kuna mwenyewe.

"Unatoa nini hapo?" akasema. "Acha."

"Hashimu, yule hakusimama kwenye mpasho. Unajua."

"Nani anajua? Mtu kainuka, katunza, kanyoosha kidole. Nimekinyoosha mie?"

Salha akacheka, akakaa kwenye kitanda cha Ima bila kukaribishwa. "Shoga, mpasho bila wa kupashwa si kwaya hiyo? Mie nimeimba mpaka koo linatoka damu, halafu mniwekee feni?"

"Salha, wewe alikutunza kwa Kivuli. Ulipokea kwa mkono wako. Sema ukweli."

"Napokea mikono mingi, mie nitakumbuka wa nani?" Alikumbuka. Macho yake yalikwenda kwenye mishikaki.

Nikamwambia Hashimu, "Ni nyumba ya watu ile." Akanijibu hivi, na neno hili nitazikwa nalo: "Nyumba ya watu, picha yangu." Ima mkono ulikuwa bado juu ya kipanya. Angebonyeza. Alinitazama mie, akamtazama mwenye kazi yake, akautoa mkono, akauweka kwenye paja. Hapo ndipo ninapomtajia Ima. Kutojua kwake nilishamsamehe kabla hajamaliza zile chipsi. Ule mkono kwenye paja sijausamehe.

Nikaomba kanda yangu. Nilishapiga hesabu yangu: sauti ya kwangu ilikuwa bado imo mle, "mpelekee dada, mwambie huu wake," nimwekee Bi Asha asikie kwa masikio yake. Hashimu akasema njoo kesho. Kesho yake akasema yuko Tegeta kuna shughuli. Nikamfuata Tegeta, wakaniambia katoka. Kila nikirudi Temeke naikuta ile nyumba imetulia, Bi Asha anapepeta mchele, ananiuliza, "Mbona umekonda, unapendwa na nani?" na mie nacheka kwa meno tu. Nilikwenda kwanza Mtoni kwa Saumu. Nilimweleza yote. Alikuwa anamsuka Mwajuma, hakusimamisha mkono. "Dada ananijua," akasema. "Hata nikichorwa na pembe, dada ananijua." Nikamwomba twende wote tukamwambie mapema. Akasema Ijumaa, tukipika. Aliona kukimbilia kujieleza ni kama kukiri. Nikamwelewa, ningefanya hivyo hivyo.

Kanda nikaipata kwa Ima. Alinipa kwa kificho, kichwa chini. Nikaitia kwenye kamera pale pale uchochoroni kwa saluni, nikaweka jicho. Bibi harusi anashuka kwenye gari. Nikasogeza mbele. Bibi harusi anakata keki. Nikasogeza, nikasogeza, keki, wakwe, vigelegele vya Tegeta, mpaka kanda ikafika mwisho ikajizima yenyewe. Hashimu alikuwa amewapigia watu harusi juu ya Saumu. Kanda zilikuwa zinarudiwa, ni kweli, bendi zote zilirudia. Lakini alikuwa nazo nyingi, na akachagua ile.

Nikakimbia Temeke. Nilishaamua sisubiri Ijumaa, nitamwambia Bi Asha kwa mdomo wangu mtupu. Nimefika kona ya duka la mkaa, nikausikia Kapu unalia kutoka upande wa kwetu. Disiki zilikuwa zimetoka asubuhi ile. Koridoni wamejaa wanawake, televisheni ya Bi Asha imegeuzwa kutazama uani, na mbele kabisa amekaa Mama Chausiku, jirani wa ukuta, aliyeileta. "Bi Asha, tumekuletea sinema ya Idi, we miguu haikukufikisha." Bi Asha amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Nilitaka kupita nichomoe waya. Miguu ya watu, watoto, masufuria, sikupata njia. Mstari ukafika. "Wewe wabebea nini?" Na Saumu akamnyooshea Bi Asha kidole, nyumbani kwake, juu ya maharage yake, anacheka kwa meno yote aliyonipa mie.

Kisha Mama Chausiku akasema kwa sauti ya chini, ile ya kusikika, "Eeeh. Mtu na mwenzie." Bi Asha akasema, "Rudisha." Wakarudisha. Akatazama mpaka mwisho wa wimbo, mikono haikuacha kuchambua, mawe huku, maharage huku. Nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Bi Asha, si mstari wake huo! Alisimama kwenye Kivuli! Alisema mpelekee dada!" Wanawake wakageuka kunitazama. Mmoja akasema, "Si ndiye aliyepiga picha huyu? Sasa atasemaje?" Wakacheka.

Jioni aliniita chumbani kwake. Kitanda cha besera, shuka la maua, harufu ya karafuu. Nikamweleza mpaka sauti ikakauka. Akanisikiliza, akaniambia: "Zuhura mwanangu, mie nimekuamini kabla hujafungua mdomo. Saumu hana ulimi huo. Lakini kidole kimeonekana Temeke nzima. Nipite na wewe mlango kwa mlango unieleze? Nikinyamaza, wataniita kapu mpaka kaburini. Nikimkaribisha Ijumaa apike, watasema kapu halina hata haya." Nikamwambia ukweli si unao, Bi Asha? Akasema, "Ninao. Nitaupikia nani?"

Ijumaa Saumu akaja na Mwajuma mgongoni na samaki kwenye kifuko. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa. Alibisha, "Hodi dada," kwa sauti yake ya kawaida, kisha kwa sauti nyingine. Watoto wa bombani walishaujua ule wimbo, wakamwimbia pale pale. Mie nilitoka nikamshika, yeye akapiga magoti mlangoni, mtoto mgongoni analia anamwita Mama Mkubwa, Mama Mkubwa. Na mie peke yangu, kwa sababu chumba changu kilikuwa cha mwisho, nilikuwa nimeshamwona Bi Asha ndani, amesimama nyuma ya mbao ile ile, ameuma kanga, analia bila kutoa sauti. Hakufungua. Akamwambia Shomari achague, na Shomari, mwanamume wa kupenda usingizi wake, akachagua nyumba yenye hati ya Bi Asha. Saumu akapewa talaka yake kabla mwezi haujaandama. Hashimu alizichapisha tena zile disiki. Salha akawa anaombwa Kapu kila ukumbi, akifika kwenye "wewe" ukumbi wote unanyoosha vidole. Mie milango ya wanawake nikafungiwa mmoja mmoja, bila ugomvi, kwa maneno mazuri tu: tumeshapata mtu, shoga, safari nyingine. Kamera niliiuza. Nimeishi kwa maandazi na kwa kiburi, na mpaka leo nipo.

Nilikwenda Mtoni kumsaidia kuhama. Mkokoteni ulikuwa nje: kitanda, kabati la vyombo, ndoo, begi la nguo, na lile dera la kijani juu, limekunjwa vizuri. Tulifunga kamba, yeye upande huu, mie upande huu. Nilikuwa nasubiri anilaumu. Ningemshukuru angenitukana. Alipomaliza kukaza fundo lake akajifuta uso kwa mtandio, akanitazama kwa aibu kidogo, kama mtu anayetaka kuomba kitu ambacho si wakati wake. Kwake hakukuwa na televisheni, na tangu disiki zitoke hakuna mtu aliyemkaribisha kutazama.

"Zuhura," akasema. "Lakini nilitoka vizuri?"

"Ulitoka vizuri, shoga angu," nikamwambia. "Ulitoka vizuri kuliko wote mle ndani. Ndiyo maana walikuchagua."